Mbwa au kobe? Mwenzenu nimefuga wote wawili, ngoja niwaambie

Leo siasa tunaziweka pembeni. Nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi mtaona ni cha watoto, lakini mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini nimekaa chini kukiandika.

Kuna dogo mmoja hapa mtaani kwetu Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo wajameni, siyo ile ya Dar. Ana kijibwa cha kahawia alichopewa na shemeji yake. Juzi kanijia mbio mbio kashika simu. "Bro, cheki hii." Nikacheki. Kijana wa Kizungu kakaa kwenye kochi, chatu kamzunguka shingoni kama skafu, watu maelfu kwa maelfu wanampongeza. Dogo akaniambia, "Mbwa nataka nimrudishe kwa shemeji. Bora nifuge chatu, au hata kenge. Hali kila siku, habweki, na wala siyo najisi. Wewe unaonaje?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona swali lake siyo la kucheka, manake hata mimi nimepita njia hiyo hiyo. Nimefuga kobe, na nimeishi na mbwa. Wote wawili wamenifundisha kwa machungu. Basi haya hapa maoni yangu, hoja kwa hoja, na wewe utatoa yako hapo chini.

1. Dogo ana hoja zake, tusimbeze

Tuanze na chakula. Mbwa anataka kula kila siku. Sisi tunampikia pumba na dagaa, au tunamtupia makombo, na bado anakutazama kama vile hujampa kitu. Chatu akimeza panya au kuku mmoja anaweza kukaa wiki nzima au mbili bila kudai chochote, na akiwa mkubwa hata miezi. Siyo uchawi. Nyoka, kobe, kenge na mamba hawatengenezi joto la mwili wao kama sisi. Tunasema wana damu baridi, lakini damu yao siyo baridi kama maji ya mtungi: inafuata joto la mahali walipo. Mimi na wewe, na mbwa pia, sehemu kubwa ya chakula tunaichoma ili mwili ubaki na joto lake. Nyoka hilo joto anachukua bure juani. Ndiyo maana anakula kidogo.

Na hapo Pwani tuna bahati. Kijana wa Ulaya akitaka kufuga chatu lazima anunue sanduku la kioo, taa ya joto na kipimajoto, halafu alipe umeme mwaka mzima. Bagamoyo jua lipo tu.

Hoja ya pili ni ya dini, na huku kwetu huwezi kuiruka. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na tumefundishwa tangu madrasa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba unakiosha mara saba, moja wapo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana msimamo mwepesi zaidi, lakini huku mwambao Shafii ndiyo tunayoifuata. Sasa kuna watu wanadhani hiyo maana yake ni kumpiga mbwa mawe kila akipita. Siyo. Mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo wanazuoni wameruhusu, na katika Surat al-Kahf vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mpe banda lake nje, mpe bakuli lake, asiingie ndani unaposali. Basi. Hilo halihitaji ugomvi.

Kwa hiyo kwenye chakula na usafi, dogo kapata pointi. Tuendelee.

2. Kobe wangu niliyemuua kwa mapenzi

Nilikuwa darasa la nne. Mvua za masika zimeisha, kaka yangu akaokota kobe chini ya mikorosho, akaniletea. Nilifurahi ajabu. Kwa kuogopa asitoroke, kaka akachukua msumari wa moto akatoboa tundu pembeni ya ganda, tukapitisha kamba, tukamfunga kwenye mwembe. Kila mtoto wa mtaa alikuja kumuona. Tulimlisha ugali, wali, siku nyingine mkate. Usiku na siku za mvua nilimfungia stoo, kwenye giza, nikijua namtunza.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndiyo nikaja kusoma nilichomfanyia.

Kwanza, ganda la kobe siyo nyumba anayobeba kama konokono. Ni mfupa. Limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake, lina damu na lina hisia. Lile tundu la msumari ni sawasawa na mtu kukutoboa wewe mfupa wa mguu. Hakupiga kelele kwa sababu hana sauti ya kupiga kelele.

Pili, kobe wa huku kwetu anakula majani, nyasi na matunda kidogo. Ugali na wali vinamjaza tumbo tu.

Tatu, na hili ndilo lililomuua: mwanga wa jua ukimpiga kobe mwili wake unatengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hawezi kutumia madini ya chokaa anayoyapata kwenye chakula. Chakula changu chokaa hakina, stoo jua haina. Mwaka wa pili ganda likaanza kuwa laini. Ukilibonyeza kwa kidole linaingia. Akaacha kutembea, akaacha kula. Asubuhi moja nikamkuta amekufa, shingo nje.

Nililia. Bibi yangu akaniambia, "Mjukuu wangu, umemuua kwa mapenzi. Yule mwenyewe kule mikoroshoni nani alikuwa anamlisha?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo wadau. Mbwa ameishi na binadamu zaidi ya miaka 10,000. Akiwa na njaa anakuja kukusumbua, akiumwa anajikunyata miguuni kwako, ukinyoosha kidole anaangalia unakoonyesha. Yaani lugha yake tunaijua. Mtambaazi haji kukwambia kitu. Anaumwa miezi sita kimya kimya, na siku unayogundua ni siku anayokufa. Anaweza kumzoea mtu anayemlisha, kobe hata njia ya chakula anaikariri, lakini usitegemee akufurahie unaporudi kutoka kazini. Chatu aliyemzunguka yule Mzungu shingoni hampendi. Kapata mahali penye joto, basi.

3. Sheria inasemaje

Mbwa ni mnyama wa kufugwa, huombi kibali kwa mtu wa wanyamapori. Chatu, kenge, kobe na kinyonga ni wanyamapori. Kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kukamata, kumiliki au kuuza mnyamapori bila kibali ni kosa. Haijalishi umemuokota barabarani au kwenye shamba la baba yako. Wale mnaowaona wana mamba kwenye mabwawa njia ya Kaole wana utaratibu wao wa vibali, siyo mtu kajiamulia tu. Tena mamba mwenyewe mnamjua, anayebisha akaulize watu wanaochota maji Ruvu na Wami.

Namkumbusha dogo hili kwa sababu kuna biashara nyuma yake. Zile picha tunazozipenda zinaleta wateja, na wateja wanaleta watu wanaozunguka vijijini kuwapa vijana vihela wakamate kinyonga na kobe. Mfano upo karibu tu. Kuna mjusi mdogo wa rangi ya buluu kali, dume lake linang'aa kama rangi ya pikipiki mpya. Duniani kote anapatikana mkoani Morogoro tu, hasa msitu wa Kimboza, kwenye mikadi. Wazungu walipomgundua kwenye soko la wanyama wa kufuga, maelfu walikamatwa, na ili kumpata mtu alikuwa anakata mti mzima. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kobe wetu yule bapa kama chapati, anayejibana kwenye nyufa za miamba, naye akaingia kundi hilo hilo mwaka 2019.

Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Juni 2022 ikatangazwa kwamba waliobaki na wanyama kwenye mabanda wapewe miezi sita ya kuwauza, kelele zikapigwa, na waziri akalisitisha tangazo hilo papo hapo. Kwa hiyo akija mtu na koti lake akakwambia "niletee kinyonga kumi, nakulipa", ujue yeye atapanda ndege na wewe utapanda karandinga.

Mkitaka kuona hasara yake vukeni maji hapo Unguja, kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 gavana wa Uingereza kule Seychelles alitoa zawadi ya kobe wanne wakubwa. Wakazaana, kufikia 1955 walikuwa 200. Halafu wizi ukaanza, wengine wa kula, wengine wa kuuzwa nje wakafugwe. Mwaka 1996 walibaki saba. Saba! Wakaletwa vitoto 80 kuongezea, nusu yao wakapotea. Ndiyo ikabidi wawekewe uzio na ulinzi, na leo wameongezeka tena.

4. Umri, wadau

Mbwa anaishi miaka kumi, kumi na mitatu hivi. Chatu anaweza kufika ishirini na zaidi. Kobe ndiyo usiseme. Kuna kobe mmoja alipelekwa kisiwa cha St. Helena mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, wanakadiria alizaliwa karibu 1832. Kabla ya Livingstone hajafa, kabla ya Wajerumani hawajatia mguu Bagamoyo. Sasa wewe una miaka 19, umepanga chumba kimoja. Ukioa? Ukihamia Mwanza? Kobe utamuachia nani?

Marekani walijibu swali hilo kwa kutupa. Chatu wa kutoka Asia waliofugwa majumbani wakawa wakubwa, wenyewe wakachoka, wengine wakawaachia kwenye mabwawa ya Florida na wengine wakatoroka wenyewe. Leo wamejaa kule, wamekula sungura wa mabwawani karibu kuwamaliza, na serikali inalipa watu kuwawinda.

5. Sasa habari ya mbwa, na hapa sitanii

Mpaka hapa mtadhani mimi ni wakili wa mbwa. Ngoja.

Mjomba wangu alikuwa na shamba la mananasi Kiwangwa. Ngiri walikuwa wanamsumbua, akafuga mbwa anaitwa Bobi. Mbwa mzuri kweli. Mjomba alikuwa halali usingizi bila kumsikia Bobi akizunguka. Chanjo? Hakuchanjwa hata siku moja. "Mbwa wa shamba huyu, sindano ya nini?"

Siku moja Bobi akagombana na mbwa koko aliyepita akitoa udenda. Wiki kadhaa baadaye akabadilika. Akawa anajificha, anang'ata mbao, sauti imekauka. Likizo hiyo mtoto wa mama mdogo, miaka minane, alikuwa shambani. Bobi akamng'ata mguuni. Siku hiyo hiyo akamparua mtoto wa jirani mkononi, kidogo tu, kama mkwaruzo wa mwiba.

Watu wakaanza: mpakeni pilipili, choma manyoya ya mbwa muweke kwenye kidonda. Bibi, Mungu amrehemu, akakataa. Akashika sabuni ya mche, akaosha ule mguu kwa maji yanayotiririka muda mrefu mpaka mtoto akachoka kulia. Alfajiri wakapanda gari. Kituo cha kwanza chanjo hakuna. Cha pili hakuna. Cha tatu ipo, lakini ya kununua. Mjomba akauza mananasi ambayo hayajaiva vizuri kwa bei ya kutupa. Sindano zote zikachomwa, kwa tarehe zake. Bobi alikufa siku ya tatu.

Yule mtoto wa jirani? Wazazi wake walimfuta vumbi. Mkwaruzo ukapona. Miezi miwili baadaye akaanza homa, halafu akawa akiletewa maji anashtuka na kukaza koo. Mnajua mwisho wake. Mjomba hakufuga mbwa tena, na nyumba ya jirani hakuweza kuingia tena mpaka anahama Kiwangwa.

Elewa jinsi kichaa cha mbwa kinavyofanya kazi. Virusi wako kwenye mate. Wakiingia kwenye jeraha hawakimbilii kwenye damu, wanafuata mishipa ya fahamu pole pole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Ndani ya muda huo sindano inakuokoa. Wakishafika, dalili zikaanza, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kidonda kupona siyo habari njema ya kutosha.

Duniani wanakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo kama 1,500 kwa mwaka, wengi watoto. Na dawa yake inajulikana: ukichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakosa njia. Siyo nadharia. Ndugu zetu wa Pemba walichanja mbwa, ugonjwa ukaisha, 2016 ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia 2018 wakaumaliza tena. Kisiwa kizima! Sisi wa Bara tunasubiri nini?

Na kwa haki, watambaazi nao wana yao. Kobe na mijusi wanabeba bakteria wa Salmonella hata wakionekana safi, na mtoto mdogo akiwashika halafu akatia vidole mdomoni anaharisha vibaya. Marekani walikataza kuuza vikasa vidogo tangu 1975 kwa sababu hiyo. Nyoka wa sumu ndiyo tusiongee. Kifutu, fira, na yule wa kijani wa juu ya miembe siyo wa kupiga naye picha. Ukiumwa hospitali moja kwa moja, usichanje chale, usifyonze.

6. Kwa hiyo?

Kwa maoni yangu, mtambaazi muache porini. Siyo kwamba ni mnyama mbaya au wa kichawi, hata kinyonga tunayemkimbia hana kosa lolote. Ni kwamba sisi hatuna cha kumpa ambacho hana tayari, na yeye hatuambii tunapomkosea. Ukimtaka sana, tazama ukutani kwako usiku karibu na taa. Mjusi kafiri yupo, anakula mbu, hadai kodi. Huyo ndiye mtambaazi wako, umeshapewa.

Mbwa mfuge, lakini mfuge kweli. Maana yake haya: chanjo ya kichaa kila mwaka, na kadi yake uitunze. Ofisi ya mifugo ya halmashauri ndiyo pa kuulizia, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kampeni za chanjo huwa nyingi. Usimuache azurure usiku kucha. Maji awe nayo muda wote, hili joto letu linamuumiza. Na mtu yeyote aking'atwa au hata akikwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri mbwa afe ndiyo uamini.

Dogo nilimsimulia yote haya kama nilivyowasimulia nyie. Alinyamaza muda, halafu akaniuliza, "Bro, yule mtoto wa jirani alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia sita. Hakuongea tena habari ya chatu. Jumatatu tukaenda wote ofisi ya mifugo, kijibwa kimefungwa kamba ya katani, kinatetemeka njia nzima. Kimechomwa sindano, kadi imeandikwa. Njiani kurudi dogo akasema, "Lakini kenge mdogo je?" Nikamwambia vifaranga vya mama yako atavimaliza yeye, na wewe utamalizwa na mama yako.

Haya wadau, hayo ndiyo yangu. Nani hapa amefuga kobe akafanikiwa? Mliochanjisha mbwa wenu mwaka huu mko wangapi? Semeni kweli, hakuna anayewaona. Na ukimaliza muda wako hapo kafe, ukifika nyumbani muangalie mbwa wa jirani unayempita kila siku, umuulize mwenyewe kama ana kadi.

Nawakilisha.